Pudini ya Suji: Chakula, Si Kitu Kitamu Tu



  



Katika jarida letu la kila mwaka tumezoea kuzungumzia swala, tabia njema, kuhifadhi Qur'ani na matokeo ya mitihani. Mara hii tumeona tuzungumzie jambo linaloonekana dogo lakini linaingia kila darasa: kile alichokula mtoto kabla hajafungua juzuu yake. Na ili tusizungumze kwa jumla jumla, tumechagua chakula kimoja tu, nacho ni pudini ya suji. Rai yetu ni kwamba chakula hiki tumekidharau upande mmoja na kukiharibu upande wa pili, na kwamba kikipikwa inavyotakiwa kinafaa kurudi katika meza ya asubuhi ya watoto wetu.

Hali tunayoiona

Sisi tunaowapokea watoto darasani asubuhi za Jumamosi na Jumapili tunaijua hali hii vizuri. Mtoto anaingia amekunywa kikombe cha chai ya rangi yenye sukari nyingi na kipande cha mkate, na mwengine hata hicho hakupata. Saa ya kwanza anasoma vizuri. Ikifika saa tatu anapiga miayo, macho mazito, herufi alizozisoma jana leo hazitambui. Mwalimu akidhani ni uvivu atamkemea, na huenda mtoto ana njaa tu. Ukifika wakati wa mapumziko anakimbilia nje kununua barafu za rangi, krisps, pipi na ubuyu. Anarudi amechangamka kidogo, kisha anachoka tena.

Hatusemi kwamba vitu hivyo ni haramu, wala hatumlaumu mama muuzaji anayetafuta riziki yake ya halali. Tunasema kwamba tumbo la mtoto anayekua haliwezi kujengwa kwa rangi na sukari. Mwili ni amana. Mzazi anayelipa ada ya madrasa na kununua kanzu na juzuu, kisha akamwacha mtoto aje na tumbo tupu, amefanya kazi kubwa na kuacha sehemu ndogo iliyobaki ambayo ingeikamilisha.

Suji ni nini hasa?

Wengi tunaijua kwa sura tu: chenga chenga za rangi ya manjano hafifu au nyeupe, zinazouzwa katika pakiti iliyoandikwa semolina, au kupimwa kwa kilo dukani. Suji ni ngano. Punje ya ngano haisagwi mpaka ikawa unga laini, bali huvunjwa vunjwa, kisha pumba na kiini huondolewa na kubaki vile vichenga vya katikati ya punje. Suji inayosifika zaidi hutokana na ngano ngumu inayoitwa durum, ambayo ndiyo hutengenezewa makaroni na spageti. Suji nyingine, hasa zenye asili ya Bara Hindi, hutokana na ngano ya kawaida ya mkate. Zote hufaa kwa pudini.

Ugumu wa vichenga hivyo ndio siri ya utamu wake. Unga laini ukiutia katika maziwa ya moto unakuwa gundi. Suji hunywa maziwa taratibu, kila punje inavimba mahali pake, na mwisho unapata kitu laini lakini chenye chembe ndogo zinazosikika ulimini.

Wenzetu Waislamu na suji

Wapo wanaosema kuwa suji si chakula chetu. Tuwakumbushe kwamba ukitembea katika nchi za Waislamu, utaikuta karibu kila pahala. Katika nchi za Sham, mama anapotayarisha Idi huoka maamuli, vitumbua vikavu vya suji vilivyojazwa tende au lozi. Misri wana basbusa, keki ya suji iliyoloweshwa shira. Ndugu zetu wa Pakistani na India hukaanga suji kwa samli na kupata halua, ambayo huliwa asubuhi pamoja na puri. Uturuki, nyumba inapofiwa, hupikwa halua ya suji ikagawiwa kwa jamaa na majirani. Na kuskusi ya Maghrib, ambayo mwaka 2020 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu kwa ombi la Algeria, Mauritania, Morocco na Tunisia, hutengenezwa aghlabu kwa suji hiyo hiyo.

Upande wa Ulaya nako, Wajerumani na Warusi huwapa watoto wao uji wa suji na maziwa, na Waingereza waliipika kama pudini mashuleni kwa miaka mingi. Huku kwetu pwani imetufikia kwa njia zote hizo, kwa majahazi na kwa meli, kwa Wahindi, kwa Waarabu na kwa Waingereza. Sisi tukaitia iliki yetu ikawa yetu. Mtu anayekula chapati, mandazi na tambi kila siku hana haki ya kuiita suji ngeni.

Kilichomo ndani yake

Hapa tunaomba wasomaji wawe makini, maana wapo wanaoisifu suji kupita kiasi, na sifa za uongo hazifai hata kwa chakula.

Gramu 100 za suji kavu zina kiasi cha kalori 360, wanga gramu 73 hivi, protini gramu 12 hadi 13, na nyuzinyuzi gramu 4 hivi. Mchele mweupe mkavu kwa uzito huo huo una protini kiasi cha gramu 7. Kwa hiyo kwa protini suji inaushinda mchele. Lakini ina upungufu wake. Protini ya ngano ina uchache wa laisini, moja ya vile viungo vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe. Madini ya chuma ndani yake ni machache, isipokuwa kiwanda kiwe kimeyaongeza, na hilo utalijua kwa kusoma pakiti. Kalisiamu, inayojenga mifupa na meno, ni kidogo sana.

Basi suji iliyopikwa kwa maji na sukari peke yake ni shibe tu. Inampa mtoto nguvu za muda, lakini haimjengi vya kutosha.

Sasa itie katika maziwa uone. Maziwa yana laisini kwa wingi, kwa hiyo protini ya ngano na ya maziwa zinakamilishana kama ndugu wawili wanaosaidiana kubeba mzigo. Nusu lita ya maziwa ina protini kiasi cha gramu 16 na kalisiamu kiasi cha miligramu 600. Ukipika suji gramu 60 kwa nusu lita hiyo ya maziwa, ukatia vijiko vikubwa viwili vya sukari na kijiko kidogo cha samli, unapata sehemu nne. Kila sehemu ina kiasi cha kalori 170, protini gramu 6 na kalisiamu miligramu 150. Hicho ni chakula. Linganisha na chupa ya soda ya kola ya mililita 300, ambayo ina sukari zaidi ya gramu 30, yaani vijiko vidogo vinane hivi, na haina protini hata kidogo.

Tumetaja sukari kwa makusudi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nguvu za chakula cha siku, na likashauri kuwa ni bora zaidi zikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 40, na asilimia 5 ni gramu 20. Sehemu moja ya pudini tuliyoieleza ina sukari ya kuongezwa gramu 6 hivi. Soda moja peke yake imeshakula fungu kubwa la siku nzima.

Tunavyoiharibu

Tatizo ni kwamba majumbani mwetu pudini ya suji mara nyingi haipikwi hivyo. Kuna mambo manne tunayoyaona.

Kwanza, sukari kupita kiasi. Wapo wanaotia sukari sawa na suji, kisha wakamwagia juu maziwa mazito ya kopo, ambayo karibu nusu yake ni sukari. Hiyo ni halua ya Idi, si chakula cha asubuhi. Idi ina siku zake, na siku hizo zina furaha yake. Lakini kila siku ikiwa Idi, meno na damu za watoto wetu ndizo zitakazolipa. Kisukari kimeingia katika familia nyingi, na mtoto anayezoeshwa utamu mkali leo ataukuta mwepesi kesho na kutaka zaidi.

Pili, kuifanya chakula cha mgonjwa na mtoto mchanga pekee. Ni kweli suji ni laini na mgonjwa huiweza. Lakini hakuna aliyeandika kwamba mtu mzima mwenye afya asiile. Katika daku ya Ramadhani, kwa mfano, inapikwa kwa dakika chache, haihitaji kutafunwa sana na mtu mwenye usingizi, na maziwa yake humpatia mfungaji maji na protini pamoja.

Tatu, kuinywea chai ya rangi. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika nafaka, na upungufu wa damu ni tatizo linalowasumbua watoto na akina mama wengi. Chai isubiri saa moja baadaye. Badala yake mtoto apewe kipande cha embe, chungwa au papai. Vitamini C iliyomo katika matunda hayo husaidia mwili kuchukua chuma. Na kwa kuwa suji na maziwa vyote havina chuma cha kutosha, mchana mtoto apate maharage, mboga za majani, dagaa au nyama. Hakuna chakula kimoja kinachotosha kila kitu.

Nne, na hili linahusu dini yetu, ni kuiongezea sifa isiyokuwa yake. Tumesikia watu wakisema kuwa pudini ya suji ndiyo talbina ya Sunna. Sivyo. Talbina iliyotajwa katika riwaya ya Bi Aisha (R.A.), iliyomo katika Sahihi Bukhari, ambayo husifiwa kwa kumtuliza mgonjwa na aliyefiwa, inajulikana kuwa ni uji wa shayiri. Suji ni ngano. Mwenye kutaka talbina na apike shayiri. Suji tuipende kwa kuwa ni chakula kizuri cha halali, na hiyo ni sifa ya kutosha. Tusimnasibishie Mtume (S.A.W.) jambo ambalo hakulisema kwa ajili ya kupamba sinia zetu.

Namna ya kuipika

Wanafunzi wetu wakubwa, wavulana kwa wasichana, tunataka mjue kupika chakula hiki. Kumpikia mdogo wako asubuhi ili mama apumzike ni katika wema kwa wazazi.

Chukua suji vijiko vikubwa vitano, ambavyo ni kiasi cha gramu 60. Weka samli kijiko kidogo katika sufuria, moto mdogo, ukaange suji mpaka itoe harufu nzuri. Usiache ibadilike kuwa kahawia. Samli huvizunguka vile vichenga visigandane, na moto huleta harufu inayofanana na ya njugu. Ipakue pembeni. Chemsha nusu lita ya maziwa pamoja na iliki iliyopondwa na chembe ya chumvi. Yakianza kuchemka punguza moto, kisha mimina suji kidogo kidogo kama mvua ya rasharasha, mkono mwengine ukikoroga bila kusita.

Ukiimimina yote kwa mpigo itafanya madonge. Sababu yake ni kwamba suji ya nje huvimba haraka na kufunga njia, ya ndani ikabaki kavu. Koroga kwa dakika tano hadi nane. Ikiwa nzito kama uji mzito, tia sukari, koroga tena kidogo, iepue. Ikipoa itakaza zaidi, basi usingoje ikauke jikoni.

Asiyetaka sukari aponde tende nne au tano azitie. Ajue tu kwamba tende nayo ina sukari nyingi, ingawa inakuja na nyuzinyuzi na madini. Ndizi mbivu iliyopondwa pia hutosha kwa watoto wengi. Asali haifai kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru.

Kuhusu ladha, iliki, kungumanga na mdalasini vinatosha na kubaki. Ladha za vanila za chupa aghlabu huwa zimetiwa alkoholi, na unga wa pudini za pakiti za dukani huenda ukawa na jelatini isiyojulikana imetoka kwa mnyama gani. Soma pakiti, na ukitatizika muulize ustadhi wako. Suji haihitaji jelatini, inajikaza yenyewe.

Na jambo la mwisho jikoni: pudini yenye maziwa isikae nje kwa joto letu la pwani zaidi ya saa mbili. Iliwe ingali moto, au iwekwe katika friji.

Majibu kwa wenye hoja

Wapo watakaosema maziwa ni ghali. Hoja hii ni ya kweli na hatuipuuzi. Kwa familia ya watu wengi, nusu lita kila siku si jambo dogo. Tunasema: tia nusu maziwa nusu maji, na ongeza karanga zilizosagwa vizuri kijiko kikubwa kimoja. Karanga nazo zina protini nyingi. Tui la nazi linaleta utamu na mafuta, lakini lisichukuliwe kuwa ni badala ya maziwa, kwani protini na kalisiamu yake ni kidogo. Na mwenye uwezo wa siku mbili kwa wiki apike siku mbili. Kidogo cha kudumu ni bora kuliko kingi cha siku moja.

Wapo watakaosema uji wa ulezi ni bora. Nasi tunakubaliana nao! Ulezi una kalisiamu na nyuzinyuzi nyingi kuliko suji. Anayepika uji wa ulezi nyumbani kwake asiuache kwa sababu yetu. Lakini wako watoto wanaokataa ulezi na wanaikubali suji, na chakula kizuri zaidi ni kile ambacho mtoto atakimaliza. Zamu zikipangwa, leo ulezi na kesho suji, hapo tumeshinda pande zote.

Wapo pia ambao miili yao haiipokei ngano. Kuna ugonjwa ambao gluteni iliyomo katika ngano huumiza utumbo, na kuna watoto wenye mzio wa ngano au wa maziwa. Hao suji si yao, na wazazi wakiona mtoto anaharisha, anavimba tumbo au anatoka vipele kila anapoila, wampeleke kwa daktari wasimlazimishe.

Pendekezo letu

Baada ya maneno yote haya, tunapenda kuweka jambo mbele ya wazazi na kamati ya madrasa. Tunaomba kila asubuhi ya Jumamosi na Jumapili, wakati wa mapumziko, pawe na sufuria moja ya pudini ya suji kwa madarasa ya chini. Hesabu si ngumu. Kwa watoto 40 inahitajika suji gramu 600, maziwa lita 5 na sukari robo kilo, pamoja na iliki na samli kidogo. Familia zikigawana zamu, zamu moja haitamrudia mtu ila baada ya muda mrefu. Asiye na fedha alete mkono wake akoroge. Asiye na hili wala lile, dua yake inatosha, na mtoto wake atakula sawa na wenzake bila kuulizwa.

Hili la mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Wakati wa mapumziko wapo wenye shilingi za kununua na wapo wanaokaa ukutani wakijifanya wanarudia sura zao. Mtoto hasemi kuwa hana. Anasema hataki. Sinia moja inayoliwa na wote, kwa Bismillahi moja, inaondoa tofauti hiyo kwa robo saa, na inawafundisha udugu wa Kiislamu kwa vitendo zaidi ya tunavyoweza kuwafundisha kwa ubao na chaki.

Wanafunzi wetu, nanyi mna wajibu. Mkipewa chakula msikibague wala msikitie aibu mbele ya aliyekipika. Kuleni kwa mkono wa kulia, kila mmoja ale kilicho mbele yake, na mfute sahani zenu, maana kumwaga chakula ni israfu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape wazazi wetu riziki pana ya halali, awape watoto wetu afya ya miili na nuru ya vifua, na atujaalie tuwe wenye kushukuru neema zake, kubwa na ndogo.

Wabillahi tawfiq.